Shibe ya sikukuu na usingizi wa alasiri: Kiini ni nini?

Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuwaonya wenye mali dhidi ya kujisahau, lakini maneno yake yana ukweli mwingine ulio karibu zaidi na sahani ya chakula. Anayekula akashiba kupita kiasi hulegea kama aliyelewa. Macho huwa mazito, fikira hupungua kasi, na baada ya muda mfupi kichwa huanza kuinama.

Hali hiyo hushuhudiwa kila Desemba 25 katika vijiji vya Bokoli, eneobunge la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma. Waliokwenda kutafuta riziki Nairobi, Nakuru na Eldoret huwa wamerejea nyumbani. Ibada hukamilika, na kufikia saa saba au saa nane mchana chakula huwa kimepakuliwa: ugali, ambao Wabukusu huuita busuma, kuku wa kienyeji, nyama ya ng'ombe, wali, chapati, mboga na soda. Saa moja baadaye mazungumzo hupungua. Wazee husinzia vitini, vijana hujinyoosha chini ya miti, na redio huachwa ikijizungumzia yenyewe.

Kuhusu chanzo cha usingizi huo, kila mtu ana maelezo yake. Wapo wanaosema kwamba damu yote huwa imekimbilia tumboni na kuuacha ubongo mkavu. Wengine humlaumu kuku. Wengine, hasa wazee wanapowatazama vijana, husema ni uvivu tu.

Maelezo hayo yote matatu yana kasoro. Usingizi wa sikukuu hutokana na mambo kadhaa yanayokutana kwa wakati mmoja: wingi na aina ya chakula, saa ya siku ambapo chakula hicho huliwa, na upungufu wa usingizi ambao mlaji alikuwa nao hata kabla ya kunawa mikono. Kuyaelewa mambo haya si suala la udadisi pekee, kwa maana usingizi uleule usio na madhara chini ya mwembe huweza kuua barabarani.

Damu haiuhami ubongo

Ni kweli kwamba baada ya mlo mkubwa, damu nyingi zaidi huelekezwa kwenye tumbo na utumbo. Kazi ya kumeng'enya chakula na kukisambaza mwilini huhitaji oksijeni, hivyo mishipa ya eneo hilo hupanuka. Moyo nao huongeza kiasi cha damu unachosukuma ili kukidhi mahitaji hayo.

Kosa ni kudhani kwamba damu hiyo huchukuliwa kutoka ubongoni. Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo mtu anapopumzika. Mishipa yake ina uwezo wa kujipanua na kujibana ili kiwango hicho kisiyumbe, hata shinikizo la damu linapobadilika kidogo.

Mfano wa mwanariadha unatosha kulidhihirisha jambo hili. Anapokimbia, misuli ya miguu yake huchukua damu nyingi mno kuliko tumbo lolote lililoshiba, ila hasinzii katikati ya mbio. Iwapo damu kuelekea kwingine ndiko kungeleta usingizi, wanariadha wa Iten na Kapsabet wangekuwa wa kwanza kulala.

Kuku asingiziwa

Nchini Marekani, lawama humwangukia bata mzinga, ambaye huliwa kwa wingi katika Sikukuu ya Kutoa Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Hoja ya wanaomlaumu ni kwamba nyama yake ina triptofani, kijenzi cha protini ambacho ubongo hukitumia kuunda serotonini, kisha melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Triptofani hufanya kazi hiyo kweli, lakini nyama ya bata mzinga haina triptofani nyingi kuliko ya kuku, na kijenzi hicho hupatikana pia katika nyama ya ng'ombe, samaki, mayai na maziwa. Isitoshe, ili kuingia ubongoni, triptofani hulazimika kupita mlango mmoja na vijenzi vingine vya protini vilivyo vingi kuliko yenyewe. Mtu anapokula nyama nyingi, foleni mlangoni huwa ndefu na triptofani hubaki nyuma. Kwa hivyo paja la kuku, likiliwa pekee, halina uwezo wa kumlaza mtu kwa njia hii.

Mambo hubadilika wanga unapoingia. Ugali, wali, chapati na soda huongeza sukari katika damu, na kongosho hujibu kwa kutoa insulini. Pamoja na kuiondoa sukari hiyo kwenye damu, insulini huvisukuma vijenzi vingi vya protini kuingia kwenye misuli. Triptofani haiathiriki sana kwa sababu sehemu yake kubwa husafiri ikiwa imeshikamana na protini iliyomo ndani ya damu. Foleni mlangoni ikipungua, triptofani hupata nafasi ya kupenya.

Hata hivyo, protini kidogo tu ndani ya mlo hutosha kuidhoofisha athari hii, na mlo wa sikukuu huwa na protini si haba. Ndiyo maana wataalamu huichukulia njia ya triptofani kuwa sehemu ndogo tu ya maelezo.

Wanga, mafuta na chembe za ubongo

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia waliwapa wanaume 12 wenye afya wali wa aina mbili kwa nyakati tofauti. Aina moja humeng'enywa haraka na kupandisha sukari ya damu kwa kasi, na ya pili humeng'enywa polepole. Waliokula wali wa kwanza saa nne kabla ya kwenda kitandani walichukua wastani wa dakika 9 kupata usingizi. Walipokula ule wa pili, walichukua dakika 17 na nusu.

Maelezo mengine hutoka ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka wa 1998, makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi kivyake, yaligundua kemikali ambayo kundi moja liliiita oreksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya hamu ya chakula. Chembe zinazoitoa ni chache na zimo katika sehemu ndogo chini ya ubongo, lakini kazi yake ni kubwa: humfanya mtu awe macho. Watu wanaozipoteza chembe hizo huugua nakolepsi, maradhi ya kushikwa na usingizi mchana bila kutarajia.

Mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha katika panya kwamba chembe za oreksini hunyamaa sukari inapoongezeka. Mantiki yake si ngumu kuelewa. Mnyama mwenye njaa anapaswa kuwa macho ili atafute chakula. Akishashiba, haja ya kuhangaika huwa imekwisha. Mwaka wa 2011, watafiti waliripoti kwamba vijenzi vya protini huziamsha chembe hizohizo. Kuku, kwa hivyo, ana shahidi wa kumtetea.

Mafuta nayo yana njia yake. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi, na utumbo hutoa homoni zinazoupasha ubongo habari za shibe kupitia neva ndefu inayounganisha ubongo na tumbo. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 1997, ulibaini kwamba waliokula mlo wenye mafuta mengi walihisi usingizi zaidi saa mbili hadi tatu baadaye kuliko waliokula mlo wenye mafuta kidogo.

Hata wadudu hawajasazwa. Mwaka wa 2016, wanasayansi katika jimbo la Florida, Marekani, waliwachunguza inzi wanaofuata matunda na kugundua kwamba hulala kwa muda mfupi baada ya kula, na kwamba mlo ulipokuwa mkubwa ndivyo walivyolala zaidi. Kwa inzi hao, protini na chumvi ndizo zilizochochea usingizi, wala si sukari. Tofauti hizo kati ya kiumbe na kiumbe, na kati ya utafiti na utafiti, zafunza jambo moja: hakuna chakula kimoja kinachostahili kubebeshwa lawama zote. Kinachojitokeza mara kwa mara ni wingi wa chakula chenyewe.

Saa nane mbili

Sababu ya pili haimo katika sahani. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayoongoza joto la mwili, homoni na uchangamfu katika mzunguko wa takriban saa 24. Katika mzunguko huo kuna vipindi viwili ambapo usingizi humwandama mtu. Kipindi kikuu ni usiku wa manane kuelekea alfajiri. Kile kidogo ni kati ya saa nane mchana na saa kumi alasiri. Kwa hesabu ya saa ya Kiswahili, vyote viwili huanza saa nane.

Wachunguzi wamekiona kipindi hiki cha mchana hata kwa watu ambao hawakula chakula cha adhuhuri, na hata kwa watu waliotengwa mahali ambapo hawakuweza kujua saa. Chakula hakikianzishi, bali hukizidisha. Jamii nyingi zilikitambua zamani na kukipangia nafasi. Waswahili wa Pwani wana jina la usingizi wa wakati huo, kailula, nao Wahispania wana mazoea yao ya kupumzika mchana yanayojulikana duniani kote.

Mlo wa Krismasi huchukua muda kutayarishwa, na aghalabu huliwa baada ya ibada ndefu. Matokeo yake ni kwamba chakula kikubwa kuliko vyote vya mwaka huangukia palepale ambapo saa ya mwili imeshuka. Mlo uo huo ukiliwa saa nne asubuhi ungeleta uzito wa tumbo, lakini huenda usingeleta usingizi wa kiwango kilekile.

Deni la usingizi

Sababu ya tatu ni usingizi ambao haukulalwa. Mabasi mengi ya kutoka Nairobi kuelekea magharibi mwa Kenya husafiri usiku, na msafiri hufika nyumbani asubuhi akiwa amesinzia kwa vipande kitini. Mkesha wa Krismasi huwa na ibada, nyimbo na mazungumzo ya jamaa ambao hawajaonana kwa miezi mingi. Wengine hukesha kwa ngoma na vinywaji.

Wapishi ndio huwa na deni kubwa zaidi. Akina mama na wasichana huamka kabla ya jogoo kuwika ili kuteka maji, kuwasha moto, kuchinja na kunyonyoa kuku, kukanda unga wa chapati na kuwahudumia wageni. Wao hula mwisho, na mara nyingi hukosa nafasi ya kujinyoosha kwa sababu vyombo huwa vinawasubiri. Anayeulizwa kwa nini nyumba nzima imelala alasiri hataona usingizi wao, ingawa ndio wenye sababu nyingi zaidi za kuwa nao.

Deni hili halihusu Krismasi pekee. Katika miji ya Bungoma na Kitale, na zaidi huko Mumias na Pwani, Waislamu husherehekea Idd-ul-Fitri baada ya mwezi mzima wa kuamka alfajiri kula daku, na pilau ya sikukuu huwakuta wakiwa na upungufu wa usingizi. Nao Wabukusu, ambao huwatahiri wavulana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, hukesha wakicheza ngoma usiku kucha kabla ya karamu za siku inayofuata.

Pombe huongeza uzito juu ya uzito. Iwe busaa, ambayo Wabukusu huiita kamalwa, au bia ya chupa, pombe ni kitulizo cha ubongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walionyesha mwaka wa 2003 kwamba kiasi kidogo cha pombe, kilicho chini ya kikomo cha sheria, kilizidisha makosa ya udereva alasiri kwa watu ambao hawakuwa wamelala vya kutosha. Dereva wa aina hiyo angepimwa pumzi na polisi angeruhusiwa kuendelea na safari.

Usingizi unapopanda gari

Hapa ndipo mzaha wa sikukuu hugeuka kuwa suala la uhai. Safari ya kurudi Nairobi kutoka Bokoli hupitia Webuye, Eldoret na Nakuru, na ni ya takriban kilomita 400. Anayeelekea Kitale hupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini kwenye barabara yenye matrela, matatu, bodaboda na watembea kwa miguu. Wengi huondoka mara tu baada ya chakula cha mchana ili wawahi kazi siku inayofuata. Huondoka, kwa maneno mengine, katika saa ambayo mwili huwa umejiandaa kulala.

Watafiti wa Loughborough walilichunguza jambo hili pia, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012. Vijana wenye afya waliolala kwa muda mfupi usiku uliotangulia walipewa chakula cha mchana, kisha wakaendesha kifaa kinachoigiza gari kwa muda wa saa mbili. Siku waliyokula mlo mzito, wenye nishati takriban mara tatu ya ule mwepesi, waliiacha njia yao mara nyingi zaidi. Hawakuwa wamekunywa pombe. Walikuwa wameshiba tu.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa hatari hiyo. Gari linaloenda kasi ya kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva akifumba macho kwa sekunde nne, gari huwa limesafiri karibu mita 90 bila mtu wa kuliongoza, umbali unaokaribia urefu wa uwanja wa soka. Mwendeshaji wa bodaboda hana hata mlango wa kumkinga.

Wakenya wanaufahamu vyema msimu huu wa hatari. Kila mwaka kati ya 2021 na 2024, ajali za barabarani ziliwaua watu zaidi ya 4,000 nchini. Desemba 31, 2017, mwendo wa saa tisa usiku, basi lililokuwa likitoka Busia kuelekea Nairobi liligongana na lori eneo la Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafariki. Baada ya mkasa huo, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ilisitisha kwa muda safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Kila ajali huwa na chanzo chake na haifai kukisia, lakini ni dhahiri kwamba anayeendesha gari saa tisa usiku, sawa na anayeendesha saa tisa alasiri akiwa ameshiba, hushindana na mwili wake mwenyewe.

Kanuni za mwaka wa 2014 kuhusu magari ya uchukuzi wa umma humtaka mwenye gari kuhakikisha kwamba dereva hafanyi kazi kwa zaidi ya saa 8 katika kipindi cha saa 24. Mwenye gari la kibinafsi, aliyewabeba mke na watoto, hana mwajiri wa kumhesabia saa. Mlinzi wake ni yeye mwenyewe, na jamaa walioketi naye garini.

Wasiopaswa kupuuza

Kwa watu wengi, usingizi wa baada ya kula ni jambo la kawaida lisilohitaji dawa. Hata hivyo, yapo makundi yanayopaswa kuwa waangalifu.

Kundi la kwanza ni wazee, hasa walio na maradhi ya shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa Parkinson. Kwa baadhi yao, damu inapoelekea tumboni baada ya mlo mkubwa, mwili hushindwa kufidia haraka na shinikizo hushuka. Madaktari huitambua hali hiyo iwapo kipimo cha juu cha shinikizo kitapungua kwa milimita 20 za zebaki au zaidi katika muda wa saa mbili baada ya kula. Mzee anayesikia kizunguzungu, kuona giza au kuanguka anapoinuka kutoka mezani hapaswi kuambiwa kwamba ameshiba mno. Anahitaji kupimwa.

Kundi la pili ni watu wenye kisukari, wakiwemo wale ambao hawajui kuwa wanao. Uchovu mwingi baada ya kila mlo, ukiandamana na kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo mara kwa mara, ni dalili inayostahili kipimo cha sukari hospitalini. Kwa wale ambao tayari wanatumia dawa, sikukuu si ruhusa ya kuziacha.

Kundi la tatu ni wale wanaokoroma sana usiku na kusinzia kila mchana, hata baada ya mlo mdogo. Huenda pumzi zao hukatika usingizini bila wao kujua, na lawama za uvivu zimeficha ugonjwa unaotibika.

Jinsi ya kupunguza makali

Hakuna haja ya kuinyima familia karamu inayosubiriwa mwaka mzima. Yapo mambo machache yanayosaidia.

La kwanza ni kugawanya mlo. Badala ya kula kila kitu kwa kikao kimoja, mtu anaweza kula kiasi mchana na kubakisha sehemu ya jioni. Mboga za kienyeji kama kunde, saga na mrenda, pamoja na ugali wa unga usiokobolewa, zina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Maji badala ya soda hupunguza sukari ya ghafla.

La pili ni kutembea. Matembezi mepesi ya dakika 10 hadi 15 baada ya kula, pengine kumsindikiza mgeni au kwenda kumwamkua jirani, huisaidia misuli kutumia sukari iliyoingia kwenye damu. Mazoezi mazito hayahitajiki, na mara baada ya kula hayafai.

La tatu ni kulala kidogo. Anayeweza kupata lepe la dakika 15 au 20 huamka akiwa mwepesi kuliko aliyelala saa mbili, kwa sababu usingizi mrefu wa mchana humwacha mtu na mzubao na kumnyima usingizi wa usiku. Ni haki wapishi pia wapate zamu yao, na njia rahisi ya kuhakikisha hivyo ni waliokula kwanza kuosha vyombo.

La nne linawahusu madereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio ni mbinu zinazotumiwa na wengi, lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1998 yalionyesha kwamba nafuu yake ni ndogo na ya muda mfupi. Kilichofaa zaidi katika majaribio ya mwaka wa 1997 ni kuegesha gari mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala kwa muda usiozidi dakika 15. Kafeini huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi barabara, hivyo mtu huamka wakati inapomwinua. Kahawa si adimu katika kaunti ambayo wakulima wa miteremko ya Mlima Elgon huikuza.

Mbinu hizo, hata hivyo, ni za kuokoa saa moja au mbili. Deni la usingizi hulipwa kwa usingizi pekee. Mwenyeji anayewaona wageni wake wakikusanya mizigo saa tisa alasiri, macho mekundu na matumbo yamejaa, huwafanyia hisani kubwa kuliko ya kuku akiwatandikia mkeka na kuwaomba waondoke asubuhi, baada ya kulala usiku kucha. Kazi itawasubiri Nairobi.